Mugeni wa muji wa muziki: anakuja kula tu, ao anakuja kushika jembe?

Wazee wetu walituachia musemo ambao kila mutoto aliusikia nyumbani: mugeni siku mbili, siku ya tatu mumupe jembe. Mu kijiji hakuna mutu anauliza maana yake. Siku ya kwanza mugeni anapewa maji ya kunawa na chakula kizuri, hata kama watoto wa nyumba watakula kidogo. Siku ya pili ni vilevile. Siku ya tatu anaamuka asubui, anaona wenyeji wanaenda shambani, na yeye mwenyewe anasikia haya kubaki amekaa chini ya muti. Anashika jembe.

Basi tuulize: muji wa muziki kama Kinshasa, jembe lake ni nini? Kila mwaka watu wa kwetu Katanga wanaenda kule: wanafunzi, wafanya biashara, watumishi wa serikali, watu wanaoitwa ku ndoa ao ku matanga ya ndugu. Kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1.500, na wengi wanaenda kwa ndege. Wakirudi, habari ni moja: "Kin iko na ambianse! Tulikula maisha kule!" Hakuna ubaya. Muji ule unapenda watu wafurahi. Lakini furaha ile ilitengenezwa na kazi ya watu wengine, na ulizo linabaki: mutu anayefurahia kazi ya wengine, je, iko na deni? Na kama iko nalo, atalilipa namna gani?

Mimi ninaona iko na deni, lakini haiko deni la duka. Tupime mambo pole pole.

Muji uliojengwa na wageni

Kwanza tukumbuke Kinshasa ni muji gani. Stanley alianzisha posta ya Léopoldville mwaka wa 1881, pembeni ya vijiji vya Bateke na Bahumbu ambavyo vilikuwa pale mbele yake. Kisha watu walitoka pande zote: Bas-Congo, Equateur, Bandundu, Kasai, ngambo ya mto, hata Afrika ya mangaribi. Walikuja kutafuta kazi ku bandari, ku reli ya Matadi, mu nyumba za Wazungu. Kila mumoja alikuja na luga ya kwao, na Lingala, ambayo ilikuwa inapanda na kushuka mto pamoja na mashua, ndiyo iliwakutanisha. Jioni, kisha kazi, walikaa mu mabaa, wakasikiliza disiki za Cuba, na wakatambua ndani yake ngoma za babu zao waliovushwa bahari mu utumwa. Rumba yetu ilizaliwa pale.

Angalieni Wendo Kolosoy. Alizaliwa mwaka wa 1925, akafanya kazi ya mekanisie ku mashua za mto Congo, huku anapiga gitare. Mwaka wa 1948 aliimba Marie-Louise pamoja na Henri Bowane kwa studio Ngoma, ambayo ilikuwa ya mufanya biashara Mugiriki, Nicolas Jéronimidis. Watu walisema wimbo ule ukipigwa usiku wa manane unaamusha wafu! Kabasele, mukubwa wa African Jazz, alizaliwa Matadi. Franco Luambo Makiadi alizaliwa Sona-Bata mwaka wa 1938, na mwaka wa 1956 alikuwa kati ya vijana walioanzisha OK Jazz. Hata mumoja kati ya hawa watatu hakuzaliwa Kinshasa. Walifika, muji ukawapokea, kisha ukawapa jembe, na shamba walilolima ndilo tunakula mupaka leo.

Dunia nayo imeliona shamba hilo. Mwaka wa 2015 UNESCO iliweka Kinshasa kati ya miji yenye kuumba katika upande wa muziki, na tarehe 14 Desemba 2021 rumba ya Congo iliandikwa ku liste ya uriti wa wanadamu wote, kwa ombi la Congo zote mbili. Majina haya makubwa yanaita wageni. Ndiyo maana ulizo letu haliko la muchezo.

"Nililipa, mambo yamekwisha"

Jibu la kwanza ambalo watu wanatoa ni la feza. Mugeni anasema: nililipa bia, nililipa taksi, nililipa tiketi ya konseri, nani tena ananidai?

Tufuate feza ile tuone inafika wapi. Ile ya bia inaingia kwa mwenye baa na kwa kiwanda. Muziki unaotoka mu bafle, mutu aliyeutunga mara mingi hapati kitu, juu kulipa haki za watunzi ni jambo ambalo linasumbua inchi yetu toka zamani. Feza ya tiketi inagawanywa kati ya mwenye sale, mutu aliyeandaa, na ile nyota ambaye picha yake iko ku afishe. Mupiga tumba, mupiga bass, mabinti wanaocheza mbele, wao wanangoja kinachobaki. Kwa hiyo mugeni alilipa, ni kweli, lakini haiko hakika kama alilipa wale waliomufurahisha.

Kuna jambo lingine linaloonyesha mupaka wa feza, nalo ni libanga. Libanga kwa Lingala ni jiwe. Kutupa libanga ni kutaja jina la mutu katikati ya wimbo: mufanya biashara, mukubwa wa serikali, ndugu anayeishi Ulaya. Mara mingi mutu ule alitoa feza ao zawadi. Kuna disiki ambazo zilijaa majina mupaka musikilizaji anajiuliza wimbo wenyewe uko wapi.

Tusiharakishe kuhukumu. Mwanamuziki asiyepata haki za utunzi alipata mu libanga mushahara wake, na watoto wake walienda ku masomo. Franco mwenyewe, mu miaka ya 1970, aliimba Azda kwa ajili ya kampuni iliyouza motokari za Volkswagen, na watu wa inchi mingi wakaicheza bila kununua hata tairi moja. Tena, kusifu mutu kwa wimbo haiko kitu kipya kwetu. Baluba wako na kasala. Lakini kasala inaita mutu pamoja na babu zake na ukoo wake. Anaposikia anakumbuka kwamba hakujizaa mwenyewe, na anapashwa kustahili jina analolibeba. Libanga inataja mutu peke yake, na muda wake ni sawa na feza aliyotoa.

Somo ni hili: feza inaweza kufanya jina lako lisikike, lakini haiwezi kukufanya wewe usikie. Mutu anaweza kulipa jina lake litajwe mu wimbo na asijue wimbo unasema nini.

"Furaha haina deni"

Jibu la pili ni zuri zaidi, na lazima tulipime kwa heshima. Linasema: muziki ni zawadi. Mwimbaji anataka watu wacheze, hataki kutuandikia deni. Ukianza kumuletea mugeni wajibu na masomo, utaua furaha. Mwache acheze!

Kuna kweli ndani yake. Musemo wetu wenyewe unaanza na siku mbili za kula. Wazee hawakusema mugeni apewe jembe ku mulango, akiwa bado na vumbi ya safari. Mutu anayefika Matonge mara ya kwanza, ku Victoire, akisikia gitare toka kila upande, acha acheze. Anayefika na daftari ya maulizo mbele ya kufurahi, ule naye amekosea njia, juu muziki unaingia kwanza kwa miguu na mabega, kisha mu bongo.

Lakini jibu hili linasahau zawadi ni nini kwa desturi zetu. Jirani akikutumia sahani ya chakula, sahani ile hairudi tupu. Hakuna sheria iliyoandikwa, hakuna polisi atakuja. Utarudisha na kitu kidogo: mahindi, karanga, ndizi mbili. Na jirani hatapima kama ndizi zinalingana na chakula alichokupa. Deni la duka ukilipa, mumemalizana, kila mutu kwake. Deni la sahani ukilipa, munaendelea. Linafunga watu pamoja, halitafuti kwisha. Kwa hiyo anayesema muziki ni zawadi anasema kweli, lakini hakuona kwamba kwa sababu ni zawadi, njo sababu hawezi kuondoka mikono mitupu.

Jembe lenyewe

Tufike sasa ku jembe. Mugeni wa muji wa muziki atalima nini? Mimi naona kazi tatu, na hakuna hata moja inayoomba mutu awe tajiri.

Kazi ya kwanza ni kusikiliza maneno. Sisi watu wa Kiswahili tumecheza nyimbo za Lingala toka utoto. Zinaingia mu nyumba zetu bila kubisha hodi, na juu ya kuzizoea tunafikiri tunazijua. Lakini ukiuliza watu kumi wanaocheza ku ndoa wimbo ule unasema nini, utapata kicheko kwanza kisha majibu kumi. Tabu Ley Rochereau aliimba Mokolo nakokufa, maana yake "siku nitakayokufa": ndani yake masikini, tajiri, mulevi, kila mumoja anafikiri siku yake ya mwisho. Ni mahubiri makubwa juu ya kifo, na kuna watu wanaicheza chupa mukononi! Hatusemi wasiicheze, pengine kucheza mbele ya kifo ni hekima ya Kinshasa. Lakini kwanza ujue unacheza nini. Mugeni aliyekaa wiki mbili anaweza kumwambia mwenyeji wake: "Yaya, wimbo huu unaniambia nini?" Ulizo moja kama lile linafungua mulango ambao bia kumi hazifungui. Na mara mingi utaona mwenyeji anafurahi kuliko kama ungemununulia kitu, juu umeuliza kitu ambacho yeye iko nacho na wewe huna.

Kazi ya pili ni kujua watu ambao hawatajwi. Ukienda kusikia orkestra, uliza ni nani anapiga solo, ni nani alitunga, yule muzee wa tumba anaitwa nani. Kinshasa haiko rumba tu. Kuna orkestra kubwa ya Wakimbanguiste inayopiga muziki wa Beethoven na wengine, iliyoanzishwa mwaka wa 1994 na Armand Diangienda. Wengi walijifunza karibu peke yao, na muchana wako na kazi zao zingine za kutafuta mukate. Kuna wachoraji, kuna mafundi wa kushona, kuna wafundi wanaotengeneza bafle na gitare zilizokufa. Na kuna matanga, fasi ambapo muziki wa usiku unapigwa mbele ya watu wanaolia kweli. Mugeni anayevutwa na muziki kuingia ku matanga, asalimie kwanza wenye kilio, atoe mukono wake, kisha ndipo akae kusikiliza. Anayepita wafiwa kwenda moja kwa moja ku bafle, hata kama anacheza vizuri namna gani, alikosa adabu ambayo bibi yake alimufundisha.

Kazi ya tatu ni kukaa muda wa kutosha mbele ya kuchukua. Siku hizi kila mutu iko na telefone, na kila telefone iko na macho. Musapeur amevaa vizuri, paf, picha. Mutoto wa barabarani anapiga kopo kama ngoma, paf, picha. Picha inaenda, mutoto anabaki. Tulinganishe mambo mawili yaliyotokea.

Mwaka wa 1974 Kinshasa ilipokea pigano la Muhammad Ali na George Foreman, na mbele yake, mu mwezi wa Septemba, ilikuwa konseri ya siku tatu ku Stade ya 20 Mai, ile tunaita leo Tata Raphaël. James Brown alikuwa pale, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, pamoja na Franco na Tabu Ley. Foreman aliumia jicho mu mazoezi, pigano likaahirishwa mupaka tarehe 30 Oktoba, na wageni waliotazamiwa kutoka ngambo hawakuja kwa wingi. Muziki ulikuwa mukubwa, hakuna anayekataa. Lakini sikukuu ile iliandaliwa ili utawala uonekane na dunia. Wageni walikuja kuangalia, na muji ulikuwa jukwaa.

Kisha angalieni Staff Benda Bilili. Hawa walikuwa wanamuziki walioguswa na polio, wakitembea na vigari vyao vya mikono, wakifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama. Kijana mumoja kati yao alipiga satonge, kinanda cha uzi mumoja kilichotengenezwa na kopo. Wafaransa wawili wenye kamera walikaa nao na kuwafuata kwa miaka karibu mitano. Disiki yao ilitoka mwaka wa 2009, filme ikaonyeshwa Cannes mwaka wa 2010. Hatusemi kila kitu kilienda vizuri. Kundi liligawanyika mwaka wa 2013, na feza ikiingia maneno nayo yanaingia. Lakini wageni wale hawakupiga picha moja na kuondoka. Walipitia siku mbili za musemo, wakafika siku ya tatu.

Mwenyeji naye iko na wajibu

Mutu wa Kinshasa akisoma maneno haya anaweza kusema: "Munafundisha wageni tu, na sisi?" Ni haki. Musemo hausemi mugeni achukue jembe, unasema apewe. Mwenye kutoa ni mwenyeji.

Kuna namna mbili za kunyima mugeni jembe. Ya kwanza ni kumuona kila siku kama mufuko wa feza: bei ya taksi inapanda akifungua kinywa, meza inaitiwa bia ambazo hakuomba, na kila rafiki mupya iko na shida moja. Mugeni wa namna hii atabaki mugeni hata akikaa miaka kumi, juu hakuna aliyemuona kama mutu anayeweza kulima. Ya pili inafichwa ndani ya heshima: kumuonyesha mazuri tu, kumukalisha ku kiti cha mbele, kumukataza kuingia ku jiko. Inaonekana kama upendo, lakini inamwambia: wewe hauko wa kwetu. Kupewa jembe ni kazi, ndiyo, lakini ni sifa pia. Siku unapewa jembe, njo siku jina la mugeni linaanza kukutoka.

Muji unaotaka kubaki muji wa muziki, ukumbuke hili. Kina Wendo, Kabasele na Franco wangebaki wasikilizaji wa disiki za Cuba kama hakuna mutu aliyewaachia gitare.

Na siku mugeni atafika kwetu?

Nimesema sana juu ya Kinshasa. Lakini jembe la mwisho, na pengine la muhimu kuliko yote, mutu analirudisha nyumbani. Aliyeenda kule akajifunza kuuliza maneno ya wimbo na jina la mupiga gitare, atarudi na masikio mapya. Atayatumia wapi?

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mutu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alifika Jadotville, ile tunaita leo Likasi, akarekodi kijana mumoja anayepiga gitare kwa vidole viwili: Mwenda Jean Bosco, wa Bayeke. Wimbo Masanga ulienda mbali. Mwenda alifika mupaka Nairobi, na wapiga gitare wa kule walijifunza kwake. Alikufa mwaka wa 1990. Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaokaa usiku kujifunza namna vidole vyake vilitembea. Na hapa kwetu, ni vijana wangapi wanaoweza kutaja jina lake? Ni walimu wangapi walipigisha wimbo wake mu klasi? Tunavuka inchi nzima kwa ndege kwenda kufurahia gitare, na gitare iliyozaliwa kwetu, inayoimba luga yetu, tumeiachia wageni.

Vilevile karindula, ile banjo kubwa ya kopo na ngozi inayopigwa mu makartiye yetu. Wengi waliosoma wanaipita wakifunga pua, wanasema ni muziki wa walevi. Lakini walisema hivyohivyo juu ya gitare mu miaka ile, na juu ya rumba nayo, mbele UNESCO haijaiandika ku liste. Na michezo ya Mufwankolo, iliyochekesha na kuonya Lubumbashi nzima kwa Kiswahili chetu hiki hiki, nani anaihifadhi?

Wageni wanaanza kuja kwetu pia. Toka mwaka wa 2008 Lubumbashi iko na mikutano ya Picha, inayoita wasanii wa inchi mbalimbali. Watafika na telefone zao na macho yao. Siku ya kwanza tutawapa bukari na samaki, siku ya pili tutawachezea. Siku ya tatu wataangalia wapi tunaenda kulima, ili watufuate. Ndugu musomaji, ni vema tuwe tumejua mbele yao shamba letu liko wapi. Tuanze na kazi ndogo: jioni hii, uliza muzee mumoja wa nyumba yako akuimbie wimbo mumoja aliocheza akiwa kijana, na akueleze maneno yake.